Mashine ya Ndambiri

Dallas, Embu
Jumanne

Kwako Dada Kagwiria,

Kabla sijakusalimu, nakuomba jambo moja. Barua hii isome peke yako, na ukimaliza iweke mahali ambapo hakuna mkono mwingine utakaoifikia. Usiifungue kibandani wateja wakiwa wamekuzunguka. Nyumbani usiiache juu ya kabati, maana mwanao Kinya sasa yuko darasa la sita, na najua anavyopenda kumsomea Mama kila karatasi inayoingia mlangoni, hata ile ya dawa ya ng'ombe. Mama asijue neno hata moja. Ningekupigia simu, lakini wewe huzungumza na simu kana kwamba unamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, na Mama hukaa hapo karibu akisikiliza pande zote mbili.

Baada ya hayo nakusalimu sana. Natumai u mzima, na biashara ya vitunguu inakwenda, na goti la Mama limepata nafuu tangu mlipomnunulia yale mafuta ya kuchua. Huku Embu mvua imeanza vizuri. Mimi ni mzima wa mwili, nakula, nalala kiasi. Nguo ulizonitumia zilifika, na sweta inanitosha, asante.

Sasa nisikuzungushe. Kuna kijana wa chuo chetu ambaye wiki ijayo anaweza kukosa mtihani wake wa mwisho, na kuna mwalimu ambaye anaweza kupoteza kazi kwa kosa ambalo si lake. Kitu kinachoweza kuwaokoa wote wawili, nikikadiria sawasawa, kiko hatua mia tatu kutoka kibandani kwako hapo sokoni Gakoromone, katika ua wa mzee Kailemia anayenunua vyuma chakavu. Lori lake la kupeleka vyuma Nairobi huondoka mara moja kwa mwezi, na safari hii ni Jumamosi asubuhi. Ndiyo maana nimekuandikia leo saa ya chakula cha mchana, mlango wa ofisi nikiwa nimeufunga.

Ili unielewe ni lazima nikueleze kazi yangu, ambayo sijawahi kukueleza vizuri. Kila Ijumaa walimu huniletea rejista, nami hutoa majina ya wanafunzi ambao hawajaonekana darasani kwa wiki mbili. Zamani orodha hiyo ilikuwa ikiingia kwenye trei ya msajili na kulala humo mpaka karatasi igeuke rangi. Mwisho wa muhula tulikuwa tunapiga mstari juu ya jina la aliyepotea, na habari yake ikaishia hapo. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga mistari hiyo. Nilikuwa naipiga kwa rula, ili ukurasa usichafuke.

Mwezi wa pili mwaka huu chuo kikamwajiri Wanjira. Ni msichana wa hapa Embu, amenizidi mwaka mmoja tu, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba walioanza masomo wanamaliza. Wiki ya kwanza alikuja dirishani kwangu akaomba orodha ya waliopotea. Nilimwambia iko kwenye trei. Akaniuliza iko huko tangu lini, nikamwambia tangu mwaka juzi. Akacheka, akavuta kiti, akaanza kupiga simu moja baada ya nyingine kutoka pale pale mezani kwangu.

Ana njia yake ambayo sijaiona kwingine. Unajua mwanafunzi wa ufundi akiondoka huacha kazi yake katikati: koti bila mkono, dirisha bila bawaba. Zamani wenzake walikuwa wakiivunja kazi hiyo na kuchukua walichohitaji. Wanjira alikataza. Kila kazi isiyomalizwa aliifungia kipande cha karatasi ngumu chenye jina la mwenyewe na neno "anarudi", akaipanga ukutani, akaipiga picha, akamtumia mwenyewe popote alipo. Hakuwaandikia maneno ya kuwalaumu. Msichana mmoja wa ushonaji aliyekuwa amekaa nyumbani tangu ajifungue alitumiwa picha ya koti lake na swali moja tu, nani atalivaa hili lenye mkono mmoja. Alirudi baada ya siku tatu na mtoto mgongoni, naye Ruguru wa jikoni akawa anamshika mtoto wakati wa vipindi. Mwingine alikuwa amekwenda kuchuma muguka, yale majani ya kutafuna. Wanjira alimwambia kwamba muguka huchipuka tena kila wiki, lakini mtihani hauchipuki. Naye akarudi.

Kati ya majina arobaini na moja niliyompa, ishirini na sita yamerudi. Mkuu wa chuo alimsimamisha mbele ya watu wote akamsifu. Nilipiga makofi kama wengine. Lakini nakuambia ukweli, Dada, kila aliyerudi alinichoma. Walikuwa wakiingia langoni wakitazama chini kwa aibu, naye Wanjira anatoka nje kuwapokea kama wageni wa harusi, halafu mimi nakaa nikitafuta majina yao ili nifute ile mistari yangu.

Aliyenichoma zaidi ya wote ni Ndambiri. Ni kijana wa Siakago, anasomea kuchomelea vyuma, mrefu, mpole, mikono yake imejaa alama za cheche. Alipopelekwa kufanya mafunzo ya kazini huko kwao, miezi mitatu ilipokwisha hakurudi. Mwenye karakana alikuwa amempa kazi ya kutengeneza milango, naye Ndambiri akaona kwamba kama tayari anafanya kazi, cheti cha nini. Alikuwa ameacha huku mashine ya kukatia majani ya ng'ombe ambayo ndiyo kazi yake ya mtihani, imebaki visu na rangi.

Wanjira alimtumia picha ya mashine ile, hakujibu. Akatuma nyingine, kimya. Akaenda Siakago mwenyewe. Akaenda tena. Mara ya tatu ndipo Ndambiri alipomwambia kwamba milango ilikuwa kisingizio tu. Jambo lenyewe ni kwamba alifeli karatasi ya nadharia katika mtihani wa majaribio, na alama zikasomwa mbele ya darasa, na hakutaka kuketi tena na watu waliozisikia. Wanjira akamtafutia wenzake wawili wa kusoma naye kwa simu kila jioni. Kuanzia hapo ofisini kukawa na jina moja tu. Ndambiri ameelewa hesabu za nguvu ya umeme. Ndambiri amesema atarudi wiki ijayo. Ndambiri amemchekesha. Nilikuwa nahesabu. Siku moja nilihesabu mara kumi na tisa kabla ya chai.

Karimi wa dirisha la pili, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, aliniuliza mbele ya watu kama nimemeza ndimu, maana Ndambiri akitajwa tu uso wangu unajikunja. Nilimwambia nina kazi. Akasema karani, hiyo si kazi, huo ni wivu, na kama nataka Wanjira anitazame basi dawa ni rahisi, nipotee kwanza wiki mbili nitafutwe. Wote walicheka, hata Wanjira alicheka, akasema Muthomi hawezi kupotea, Muthomi ndiye anayewaandika waliopotea. Hakuwa na ubaya. Lakini neno lile nililibeba hadi nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo.

Wiki mbili zilizopita ilikuwa siku ya kusafisha karakana. Hufanyika hivi: mwalimu wa karakana na karani wanazunguka pamoja, mwalimu anaonyesha kilichoharibika, karani anakiandika kwenye orodha na kukitia msalaba wa chaki, na jioni mnunuzi wa vyuma anabeba vyote vyenye chaki. Mwalimu wa kuchomelea ni Mwalimu Gedion, mtu mzima, anayeniita mwanangu na kunigawia mahindi ya kuchoma. Siku hiyo alikuwa anatakiwa kwenda kukagua wanafunzi walio kazini huko Mbeere. Akaniambia mwanangu, wewe unaijua karakana hii kama mimi, vibovu viko upande wa kushoto. Akatia sahihi chini ya orodha ikiwa bado tupu, akaondoka.

Nilizunguka peke yangu. Niliandika mabomba yaliyopasuka, mabati yenye kutu, meza isiyo na mguu. Halafu nikafika ukutani kwenye zile kazi zenye karatasi za Wanjira. Ya Ndambiri ilikuwa imefutwa vumbi. Nyingine zote zilikuwa na vumbi, Dada, ila hiyo. Alikuwa amepita na kitambaa akaifuta, kwa sababu mwenyewe alikuwa amesema atarudi.

Nilikata uzi, nikaitia ile karatasi mfukoni. Nikaandika kwenye orodha, namba kumi na saba, "mashine mbovu, moja". Nikatia chaki. Herufi zangu zilinyooka kama siku zote, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi. Jioni vijana wa mzee Kailemia walikuja na pikapu wakavibeba vyote, nami niliwafungulia lango.

Ndambiri alirudi Alhamisi iliyopita na begi lake. Wanjira alimpokea langoni kama kawaida, akamshika mkono akampeleka karakana moja kwa moja, maana alitaka aone jinsi kazi yake ilivyotunzwa. Mimi nilikuwa dirishani. Niliwaona wakiingia. Walikaa humo muda ambao naweza kuandika majina kumi, kisha Wanjira akatoka peke yake akasimama uani kwenye mvua bila mwavuli.

Mambo yakaenda haraka. Orodha ikatolewa, sahihi ikaonekana ni ya Mwalimu Gedion. Yeye alikiri kwamba aliitia sahihi ikiwa tupu, lakini hakusema ni nani aliyeijaza. Mkuu alipomuuliza, alijibu kwamba karakana ni yake na sahihi ni yake. Mimi sikuulizwa, maana karani huandika tu anachoonyeshwa. Nadhani anafikiri nilikosea kwa ujinga, ananifichia. Ijumaa nikapewa kazi ya kumpigia chapa barua ya kumtaka ajieleze ifikapo Jumatatu ijayo, kwa nini asichukuliwe hatua. Niliichapa mimi, Dada. Nilikosea jina lake mara mbili nikarudia. Alipokuja kuichukua aliniambia nisiwe na wasiwasi, barua kama hizo huja na kupita, halafu akaniuliza kama nimekula.

Watahini wanakuja Jumatano ya wiki ijayo. Bila mashine Ndambiri hawezi kupimwa, na kuanza nyingine upya ni kazi ya mwezi mzima. Jana asubuhi alikuja dirishani kwangu. Hakuwa na hasira. Aliomba fomu ya kuacha masomo. Nilimwuliza kama Wanjira anajua, akasema hapana, na hataki ajue mpaka atakapokuwa amefika nyumbani, kwa sababu amemchosha vya kutosha. Halafu akainama karibu na kioo, akaniuliza swali kwa heshima kabisa. Alisema, kaka, wewe ulisoma ukamaliza, na sasa una meza na kiti. Niambie kweli, inafaa mtu kuanza tena mwanzo?

Nilimwambia fomu zimekwisha, arudi Jumatatu. Ni uongo, ziko mia nzima kwenye droo ninapoegemeza mkono sasa. Nilifunga dirisha nikaenda chooni nikakaa humo.

Dada yangu, sikumaliza.

Najua unaisoma sentensi hiyo mara ya pili. Sikumaliza diploma. Unakumbuka muhula ule wa mwisho Baba alipofariki, nikaja nyumbani nikakaa majuma matatu. Niliporudi chuoni wenzangu walikuwa wamejigawa katika vikundi vya kazi ya mwisho, na hakuna kikundi kilichokuwa na jina langu. Mwalimu aliita rejista, akapita kutoka kwa Mugendi hadi kwa Mutuma, na jina langu halikusomwa. Nilikaa nyuma siku nne nikingoja mtu aniulize nilikuwa wapi. Hata mmoja hakuuliza. Siku ya tano sikuingia darasani, nikasema nitaona watanipigia simu baada ya siku ngapi. Nilikuwa naamka, navaa, naenda kukaa maktaba ya mji hadi jioni, simu ikiwa mezani mbele yangu. Mtihani ukafika, ukapita. Wewe ulinipigia, Mama alinipigia, mkaniuliza masomo yanaendaje, nikasema vizuri. Lakini kutoka chuoni simu haikulia.

Ndiyo maana niliwaambia kwamba wageni hawaruhusiwi kwenye mahafali, nafasi ni ndogo. Lile joho nililovaa kwenye picha iliyo ukutani kwa Mama nililikodi kwa mpiga picha nje ya lango, kwa dakika kumi. Kazi hii niliipata kwa cheti cha sekondari na barua niliyoandika mwenyewe kwamba matokeo ya diploma yanasubiriwa. Ni mwaka mmoja na miezi minane sasa, na yule aliyepokea barua hiyo hajawahi kuniuliza yamefika wapi. Mimi ndiye ninayetunza majalada, nalitunza na langu.

Kwa hiyo nilipomwona Wanjira akienda Siakago mara tatu kwa ajili ya mtu mmoja, sikuwa na wivu wa mapenzi, ingawa sitakuficha kwamba nampenda kidogo. Nilikuwa nikijiuliza Ndambiri ana nini. Kwa nini yeye atafutwe hadi mlangoni kwao, na mimi niliyekuwa nimekaa maktaba, mtaa wa pili kutoka darasani, asitokee hata mmoja. Niliona kama amekula chakula changu. Na sasa amesimama mbele yangu akitaka kuondoka kimya kimya asimsumbue mtu, vile vile nilivyoondoka mimi, naye aliyemsukuma ni mimi.

Basi nisikilize ninachokuomba. Kesho mara tu Munene, yule dereva wa ndizi, atakapokupa barua hii, mwachie mwenzako kibanda, uende kwa mzee Kailemia. Usimtaje mtu wa chuo. Mwambie ndugu yako aliuza kitu kwa makosa, na hilo ni kweli. Mashine yenyewe ina urefu wa kufika kiunoni kwako. Ina miguu minne, miwili imepakwa rangi ya kijani na miwili bado ni chuma kitupu. Pembeni ina gurudumu zito kama la cherehani kubwa. Visu havijafungwa. Ukiinama ukapapasa chini ya sinia ya kupokelea majani utakuta herufi za majina yake, N na M, zimeandikwa kwa kuchomelea, M imekaa upande. Kama imekatwa vipande, chukua vipande vyote, hata vidogo, kwa maana Ndambiri anajua kuunga. Munene ana pesa nilizomwachia za kumlipa mzee. Usibishane sana na mzee kama unavyobishana na watu wa vitunguu. Munene atapita na pikapu yake ya ndizi Alhamisi alasiri aibebe, nami nitaipokea kwake hapa sokoni.

Iwe imepatikana au haijapatikana, Jumatatu saa mbili asubuhi nitaingia kwa mkuu wa chuo kabla Mwalimu Gedion hajaitwa. Nitapeleka ile karatasi niliyoitoa kwenye mashine, na orodha, na jalada langu mwenyewe. Nimekwisha kulitoa kabatini. Naogopa sana, Dada. Nikifukuzwa nitakuja nyumbani, na hapo ndipo mimi mwenyewe nitakapomwambia Mama, nikiwa nimeketi mbele yake. Tafadhali usinitangulie kwa hilo, na ile picha usiiondoe ukutani kabla sijafika.

Nisalimie Kinya, umwambie nimeona maksi zake za Kiswahili, aendelee hivyo hivyo. Msalimie shemeji akirudi kutoka shambani. Mama mpe mkono wangu tu, bila maneno mengine.

Ukitaka kunipata, usipige simu ya ofisi, Karimi ndiye anayeipokea. Piga yangu kati ya saa saba na saa nane mchana, nitakuwa nje karibu na tangi la maji. Ukisikia nikisema "ndiyo mama" ujue siko peke yangu, ukate. Baada ya saa kumi na moja nipo nyumbani, unaweza kuzungumza kwa sauti yako yote. Ukiipata mashine, nipigie hata kama ni saa ya kazi, uniache niisikie simu ikilia mara mbili tu, ukate, nitaelewa. Jumatatu usinipigie kabla ya saa nne. Nikishatoka kwa mkuu nitakuwa dirishani kwangu kama bado ni langu, kwa sababu Ndambiri anakuja kuchukua fomu, na nataka anikute hapo nimjibu swali lake. Baada ya saa nne piga, Dada, usipopokelewa piga tena, na usipopokelewa tena, panda gari uje Dallas, nyumba ya mwisho nyuma ya kinyozi, mlango wa bluu, ubishe mpaka nifungue.

Mdogo wako,
Muthomi